Besi isiyo na freti: mistari, doti za ubavuni, na kwa nini uamue kabla fundi hajashika msumeno

Tangu nianze kutoka na besi yangu isiyo na freti, swali ninaloulizwa kuliko yote sio bei wala nani kaitengeneza, ni hili: "Kaka, mbona umeweka mistari?" Afu anayeuliza anatabasamu kidogo, utadhani nimekamatwa nachungulia karatasi ya jirani kwenye mtihani. Kuna imani fulani kwa wapiga besi kwamba fretilesi (besi isiyo na freti) ya kweli ni ubao mtupu, mweusi, hamna alama yoyote, na mwenye mistari ni mtoto anayejifunza. Mimi sikubaliani nayo hata kidogo na leo nimeamua kuandika kwa urefu, maana kila nikijibu stejini nakatishwa na fundi mitambo anataka kufanya saundi cheki.

Kwa ambao hawajawahi kuishika: besi ya kawaida ina freti, vile vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, ukibonyeza uzi nyuma ya chuma basi chuma ndo kinaamua sauti itoke wapi. Ukiondoa vyuma, kidole chako ndo kinachukua hiyo kazi, na mistari ni alama tu za mahali vyuma vingekaa. Uzi unalalia ubao wenyewe, unatetemeka huku unaugusagusa, na hapo ndo inatoka ile sauti ya "mwaaa" inayolia kama mtu anaimba. Raha yake haielezeki, na shida yake ni moja tu, kwamba ukikosea kidogo pa kuweka kidole umetoka nje ya tuni na bendi nzima inasikia.

Historia yake fupi inasaidia kwenye huu ubishi. Bill Wyman, kabla hajaingia bendi ya Rolling Stones, mwaka 1961 aling'oa freti zilizochakaa kwenye besi ya bei rahisi aina ya Dallas, nia yake aweke mpya, akaipiga hivyohivyo akaona mbona iko vizuri, freti mpya hazikuwekwa tena. Mwaka 1966 kampuni ya Ampeg wakatoa besi ya AUB-1, ya kwanza kutengenezwa kiwandani bila freti, Fender nao wakaja na Precision yao isiyo na freti mwaka 1970. Afu ndo akaja mpiga besi Jaco Pastorius na albamu yake ya kwanza ya 1976, na baada ya hapo hakuna aliyesikia fretilesi kwa masikio yaleyale. Sasa sikiliza hii: besi ya Jaco ilikua Fender Jazz ya 1962 iliyozaliwa na freti. Zikatolewa, mifereji iliyobaki ikazibwa, juu ikamwagiwa epoksi ya boti, ile gundi ya majimaji inayokauka ikawa ngumu. Ile mifereji iliyozibwa inaonekana kabisa, yaani ni mistari. Yule ambaye kila mtu anamtaja akitaka kukusimanga, besi yake mwenyewe ilikua na mistari.

Na sisi Waafrika tunaye Bakithi Kumalo wa Soweto, aliyepiga fretilesi ya Washburn kwenye albamu ya Graceland ya Paul Simon, 1986. Kile kipande kifupi cha besi kinachoporomoka peke yake kwenye wimbo wa "You Can Call Me Al", ambacho kila mpiga besi amejaribu kukiiga chumbani, nusu yake ya pili ni nusu ya kwanza iliyogeuzwa kinyumenyume kwenye tepu. Kwahiyo kama umeshindwa kukipiga chote, usijilaumu sana.

Haya, turudi kwenye ubao.

Besi nyingi zina urefu wa uzi wa inchi 34, yaani milimita 863.6 kutoka nati ya juu (ule mfupa unaopitisha nyuzi kule kichwani) hadi kwenye briji (kule chini nyuzi zinakoishia). Nafasi ya kila freti haipimwi kwa macho, ina hesabu yake: unagawanya urefu kwa 17.817, unapata milimita 48.5, hapo ndo freti ya kwanza. Unachukua urefu uliobaki, unagawanya tena kwa namba ileile, unapata kama 45.7, ndo ya pili, unaenda hivyo hivyo na nafasi zinazidi kubana. Ya 12 inaangukia nusu kamili, 431.8. Kati ya ya 11 na ya 12 unakuta milimita 25.7 tu, na ukifika ya 19 na ya 20 ni 16.2, vidole vyangu viwili havienei vizuri hapo.

Kwa nini nakuchosha na namba? Kwa sababu wanamuziki tunagawa nusu-toni moja (hatua ya freti moja) kwenye vipande 100 vinavyoitwa senti, na ukiteleza milimita moja karibu na kichwa cha gita umekosea kama senti 2, hamna mtu atakayesikia. Milimita hiyohiyo ukiteleza kwenye nafasi ya 12 ni senti 4. Ukipanda zaidi ya hapo inazidi kuwa kali. Mstari wenyewe una upana wa kama milimita 0.6, ncha ya kidole changu ikilala kwenye uzi inachukua sentimita nzima. Kwahiyo anayesema mistari inakupigia muziki hajawahi kuipiga. Mstari unakufikisha mtaani, nyumba unaitafuta mwenyewe kwa sikio.

Fundi wangu yuko Dar, ni mtu mzima, haongei sana, anatengeneza magita na kabati za jikoni kwenye karakana moja na kwa kweli kabati ndo zinamlipa. Nilipoenda kuagiza, nimemaliza tu kumwamkia akaniuliza kabla hajataja hata bei: "Kijana, mistari unataka au hutaki? Niambie leo, sio nikishakata." Nikamwambia nipe muda nifikirie, akasema fikiria ukiwa umekaa hapohapo kwenye kigoda, maana mbao iko mezani.

Na ana haki. Watu wanadhani mistari inachorwa mwishoni, kama rangi. Mstari ni mfereji uliokatwa kwa msumeno mwembamba, kina na upana maalum, na unakatwa wakati ubao wa shingo bado ni kipande bapa chenye pembe mraba, kabla haujachongwa mzingo wa juu na kabla haujapunguzwa upande wa kichwani, kwa sababu ukishapinda pembeni huna tena ukingo ulionyooka wa kuegeshea skweya. Ukija na wazo la mistari gita likishakamilika, fundi anaweza kukufanyia, ila utalipia hasira zake.

Hapo ndo panaanza mambo ya ujenzi ambayo mimi nayaona matamu kuliko hata muziki wenyewe. Ubao wa freti una unene wa milimita 6 au 7. Kwa freti za chuma unachimba mfereji wa karibu milimita 3, maana freti ina mguu unaozama ndani. Hesabu mwenyewe: karibu nusu ya unene imekatwa, sehemu 20 au zaidi. Kwenye besi yenye freti haina neno, kwa sababu ile miguu ya chuma imebanwa mle ndani na inasaidia shingo isikunjike. Lakini nyuzi nne zinavuta shingo kwa nguvu ya kilo 70 hadi 80 hivi, saa zote, hata ukiwa umelala. Ukitoa freti kwenye gita la kawaida ukaacha mifereji wazi, au ukaijaza kitu laini, nyuzi zinaifumba mifereji kidogokidogo na shingo inainama mbele, unabaki kukaza rodi ya shingo (chuma kirefu kilichofichwa ndani cha kuinyoosha) mpaka inagoma. Ndo maana kijazio lazima kiwe kigumu na kiingie kwa kubana.

Kama fundi anajua tangu mwanzo kwamba freti hazitakuja kuwekwa, hana haja ya kuchimba milimita 3. Mbili zinatosha. Mbao inabaki nzima zaidi na shingo inakua ngumu. Hiyo ni tofauti kubwa kati ya fretilesi iliyozaliwa hivyo na ile iliyong'olewa freti ukubwani, hata kama kwa macho zinafanana.

Vya kujazia viko vingi na kila fundi anaapa kwa chake. Kuna vinia ya mbao nyeupe, unakata vipande vyembamba, unapaka gundi, unasukumiza, unapunguza kinachobaki juu. Kuna plastiki nyeupe, inayotoa mstari mkali unaoonekana hadi kiti cha mwisho. Kuna epoksi iliyochanganywa na vumbi la mbao, hiyo ni kwa anayetaka mstari usionekane sana. Plastiki ina faida moja, haichafuki. Vinia nyeupe ukiisugua msasa pamoja na mbao nyeusi, vumbi jeusi linaingia kwenye vitundu vya vinia na mstari wako mweupe unageuka kijivu cha jivu. Dawa yake ni kupaka kwanza supaglu nyepesi kidogo juu ya mstari izibe vitundu, afu kukwangua kwa bapa la chuma badala ya kusugua, na kila mara kupuliza vumbi kwa hewa. Ila mwenye mistari ya plastiki asije akafuta ubao kwa asetoni, baadhi ya hizo plastiki zinayeyuka mbele ya macho yako.

Yangu fundi alifanya kitu ambacho sikukitegemea. Ubao ni mpingo, na mpingo kama unavyojua una moyo mweusi wenye kaudhurungi kwa mbali, halafu nje una ile sehemu ya rangi ya maziwa ambayo wachonga vinyago wengine wanaitupa na wengine wanaiacha iwe urembo. Alichukua vipande vya ile nyeupe kutoka gogo lilelile, akavipasua vyembamba, ndo ikawa mistari yangu. Yaani mti mmoja, mweusi na mweupe wake. Vilikua vikavu sawasawa na ubao na viliingia kwa kugongwa na nyundo ndogo ya plastiki, tik, tik, tik, nimekaa pale kwenye kigoda nasikia sauti inabadilika inakua nzito kila kipande kinapofika chini.

Kuhusu mpingo niseme kidogo, maana watu wananiuliza kwa nini magita ya wazungu hayajai mpingo wetu wakati klarineti na obo zao zimejaa. Sababu kubwa ni umbo la mti. Mpingo unakua polepole, unapindapinda, na mara nyingi ndani una uwazi au ufa. Klarineti inaunganishwa kwa vipande vifupi, kwahiyo unaweza kuvipata. Ubao wa besi unataka kipande kilichonyooka cha sentimita 70 hivi, na upana wa kama 7, bila ufa, na ukishakipata kinachukua muda mrefu kukauka na kinapenda kupasuka miisho, ndo maana wanapaka nta. Wao kwa magita wanatumia zaidi ebony ya Kameruni na nchi jirani, ambayo ni mti mwingine kabisa. Pia tangu 2017 jamii nzima ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, ingawa ala za muziki zilizokamilika zililegezewa masharti mwishoni mwa 2019. Kwa matumizi ya fretilesi lakini mpingo ni mfalme, ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na ugumu wake unavumilia nyuzi bila kupakwa chochote. Tatizo lake ni mafuta. Kabla ya kugundisha unaufuta kwa asetoni na unagundisha palepale, ukienda kunywa chai kwanza mafuta yamesharudi juu.

Kuhusu epoksi, wengi wanataka kumwaga kwa sababu ya Jaco. Kwa mbao laini kuliko mpingo, kama rozwudi, ina maana, inakupa uso mgumu na sauti kali inayong'aa. Ila huku pwani ujue kinachokusubiri ni unyevu. Epoksi ikikauka kwenye hewa yenye maji mengi inaweza kutoa utando wa mafutamafuta juu, ukiusugua na msasa kabla hujauosha kwa maji unakandamiza uchafu ndani na tabaka linalofuata halishiki. Mafundi wa boti za faiba wanalijua hili vizuri kuliko mafundi magita. Na epoksi nyingi zinageuka njano baada ya muda, kwahiyo ile mistari yako meupe ya bei itakuja kufanana na meno ya mvuta sigara.

Sasa doti za ubavuni, vile vitone vidogo pembeni mwa shingo vinavyokuonyesha uko nafasi ya ngapi. Hapa naomba msome taratibu maana ndo kiini cha ubishi wangu wote.

Ukiwa umesimama na besi begani, huuoni uso wa ubao. Anayeuona ni mtu wa mbele. Wewe unaona ukingo, ule ubavu unaotazama juu kwenye macho yako. Ukitaka kuona mistari ya usoni inabidi uinamishe kichwa mbele au uilaze besi kifuani, kiwiko kinabana, kifundo cha mkono kinapinda, baada ya nyimbo kadhaa unaumwa. Kwahiyo mstari wenye kazi ni ule unaotokeza ubavuni. Wapo mafundi wanaosimamisha mfereji kabla haujafika ukingoni ili pembeni paonekane safi, au wanazungushia ukanda wa urembo unaoziba miisho. Inapendeza kwenye picha, lakini kwa anayepiga ni mistari ya kuwaonyesha wageni. Mimi nilimwambia fundi kila mstari utokee hadi ukingoni, na doti iwekwe palepale mwisho wa mstari.

Hilo la "palepale" usilichukulie poa. Kwenye gita la freti, doti ya 3 inakaa katikati ya freti ya 2 na ya 3, kwa sababu hapo ndo unapobonyeza. Kwenye fretilesi isiyo na mistari kwa kawaida doti inahamia kwenye nafasi yenyewe ya sauti. Lakini fretilesi nyingi zenye mistari zimetengenezwa kwa shingo ya freti ambayo hazikuwekwa freti, doti zimebaki katikati kama zamani. Mtu aliyezoea doti za kwenye nafasi yenyewe akapewa hizi za katikati gizani, akafuata doti, anapiga chini kwa senti kama 50, yaani robo-toni. Nimemshuhudia jamaa mmoja kwenye harusi alikopa besi ya mwenzake, wimbo wa kwanza mzima mpiga kinanda anamgeukia, anarudi kukaza uzi, anapiga, bado, anakaza tena, mwisho kinanda ndo kikaonekana kibovu.

Ila kuna utamu hapa ambao watu wa Zanzibar watanielewa. Kwenye taarab udi hauna freti, fidla haina freti, na ile maqam (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ya Rast ukianzia Do, noti yake ya tatu sio Mi wala Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu-toni), iko hapo katikatikati. Chukua fretilesi yenye doti za katikati, nenda uzi wa A, doti ya 7. Mstari wa 6 ni Mi bemoli, wa 7 ni Mi, na doti imekaa kati yao. Doti iliyomharibia yule jamaa harusi ndo inayokuonyesha Rast inapokaa, au angalau jirani kabisa na inapokaa, maana wapigaji hawaiweki wote sehemu moja. Nilimweleza fundi akacheka, akasema basi nikuwekee doti mbilimbili, ya kizungu na ya Unguja. Nilikataa lakini bado nalifikiria.

Sasa kuhusu kuiset, nitapita haraka. Freti zikiondoka kimo cha kama milimita moja kimeondoka nazo, kwahiyo nati ya juu inachimbwa chini mpaka uzi unakaribia kulala, upenyo wa unene wa kadi tu unabaki. Shingo iwe karibu imenyooka kabisa, mkunjo wa milimita 0.1 au 0.2, bonyeza mwanzo na mwisho wa uzi uangalie upenyo pale kwenye 7. Ile "mwaaa" inataka ubao uliosawazishwa kwa subira, kikiwepo kimlima kidogo tu noti za nyuma yake zinakufa. Na sado za briji (vipande vidogo vinavyobeba nyuzi) zisogezwe kwa kidole chako wewe, sio cha fundi. Weka ncha ya kidole juu ya mstari wa 12 kama unavyopiga kawaida, angalia tuna (kifaa cha kupima sauti), sogeza sado mpaka noti ikae. Mwenye vidole vinene na mwenye vidole vyembamba hawawezi kushare seti moja, nimejaribu kumpa mdogo wangu besi yangu na noti zake zote zilitoka juu kidogo.

Nyuzi nimeanza na flati (zilizozungushiwa waya bapa), zinateleza na hazikwaruzi. Ila sauti ninayoitaka iko kwenye raundi (zilizozungushiwa waya wa mviringo), kwahiyo nitabadilisha, na raundi ni tupa, zinakula mbao hata kama ni mpingo, hasa chini ya nyuzi za D na G kati ya nafasi ya 5 na ya 9 ambapo ndo tunashinda tukitikisa kidole. Fundi anasema nikiona vijifereji nimpelekee, atasawazisha upya, na unene wa milimita 7 unavumilia kufanyiwa hivyo mara kadhaa. Hapo ndo nikaelewa kwa nini alikataa kuchimba mistari milimita moja nilipomwambia apunguze zaidi ili mbao ibaki nzima: kila akisawazisha mstari unapungua kina, na wa milimita moja ungekuja kufutika sehemu sehemu wakati besi bado changa.